Impregnable: kivumishi cha ngome isiyotekeka

Msomaji wa Kiswahili anayekutana na neno impregnable katika kitabu cha historia huwa haanzi na ngome. Huanza na mimba. Katikati ya neno hilo zimo herufi za mwanzo za pregnant (mjamzito), na kwa kuwa pregnant hufahamika mapema, jicho hulidaka kwanza. Kisha sentensi inagoma: "The castle was impregnable." Kasri na ujauzito wapi na wapi? Wengi hapo hubahatisha kwamba maana ni "kubwa" au "imara", wakafungua ukurasa unaofuata.

"Imara" si mbali sana, ila haitoshi. Impregnable husemwa juu ya mahali au msimamo unaolindwa ambao adui hawezi kuuteka. Kuna mlinzi ndani, kuna mshambuliaji nje, na mshambuliaji hapati. Watu watatu wa mchezo huo, yaani kinacholindwa, anayelinda na anayetaka kukitwaa, wakiwapo, neno linakaa. Akikosekana mmoja, tafuta neno jingine.

Mimba haimo kabisa katika asili yake. Neno liliingia Kiingereza mwanzoni mwa karne ya 15 likitoka Kifaransa cha zamani, likiandikwa imprenable, bila g. Ndani yake kuna kitenzi prendre, yaani kuchukua au kutwaa, na mbele yake im- ya kukanusha. Ile g ilichomekwa katika karne ya 16, kwa kuiga sura ya maneno kama reign na deign. Kichekesho ni kwamba katika reign na deign g haitamkwi hata kidogo, ilhali katika impregnable imeshika mizizi na inasikika wazi. Pregnant imetoka Kilatini praegnans, ukoo mwingine kabisa. Sura zimefanana, damu haimo.

Ndugu wa kweli wa impregnable ni prison, prize, surprise na comprehend, wote wakirudi kwenye Kilatini prehendere, kushika. Prison ni mahali pa walioshikwa. Prize, kwa maana ya zamani ya vita vya baharini, ni meli iliyotekwa. Surprise ni kushikwa bila kutazamia. Kiswahili kimezaa ukoo wa aina hiyohiyo kutoka kitenzi kimoja: teka, mateka, mtekaji, utekaji. Anayeiweka impregnable kwenye rafu ya teka na mateka hatairudisha tena kwenye rafu ya uzazi. Wafaransa wenyewe bado wanalo neno bila g: tangazo la nyumba likisema vue imprenable, linaahidi mandhari ambayo hakuna jirani atakayeweza kuyaziba kwa kujenga mbele yake.

Kiambishi im- nacho kinahitaji tahadhari, kwa sababu kipo cha aina mbili. Katika impossible, impatient na impregnable kinakanusha. Katika import, imprison na impregnate kinamaanisha "ndani ya". Impregnate ni kujaza kitu ndani ya kingine: kumpa mnyama mimba, au kulowesha nguo, mbao au karatasi kwa dawa mpaka ikolee. Machapisho ya malaria ya Kiingereza yamezungumzia kwa miaka mingi insecticide-impregnated nets, yaani vyandarua vilivyotiwa dawa. Mtu akiandika impregnable nets akidhani anasifu chandarua kisichopenywa na mbu, amechanganya im- mbili kwa mpigo mmoja. Kamusi kubwa huorodhesha pia impregnable ya pili, iliyotokana na impregnate, kwa maana ya "anayeweza kupata mimba". Ni neno la nadra, na katika habari ya vita, michezo au siasa huna haja ya kulifikiria.

Kwa nini im- na si in-? Kwa sababu ileile inayofanya nyumba iwe mbaya na si "nbaya". Sauti ya n ikikutana na b au p, midomo inafunga mapema na n inageuka m. Mwandishi wa Kiswahili anayejua hilo hawezi kuandika inpregnable hata akiamshwa usingizini.

Sasa mwisho wa neno. Able ya Kiingereza inafanya kazi karibu sawa na kauli yetu ya kutendeka, ile ya -ika na -eka. Linalosomeka ni readable, linalolika ni edible, linalotekeka lingekuwa pregnable, neno lililopo kwenye kamusi lakini halisikiki midomoni. Ukishaliona hilo, vivumishi vya Kiingereza vya uimara ambavyo vitabu vingi huvirundika pamoja kama visawe vinaachana vyenyewe, kila kimoja na kitenzi chake. Impregnable ni isiyotekeka. Impenetrable ni isiyopenyeka. Invincible ni asiyeshindika. Invulnerable ni asiyejeruhika. Unassailable ni isiyoshambulika. Indomitable ni asiyefugika, na hiyo mashabiki wa soka wanaijua bila kujua kwamba wanaijua: timu ya taifa ya Kameruni huitwa Indomitable Lions, na watangazaji wetu wakawaita Simba Wasiofugika. Tafsiri hiyo ni sahihi mpaka kwenye mzizi, maana domitare ya Kilatini ni kufuga, kumtia mnyama adabu.

Tofauti kati ya impregnable na impenetrable ndiyo inayokosewa zaidi, na mfano wake upo jirani. Hifadhi ya Bwindi, kusini magharibi mwa Uganda, jina lake rasmi ni Bwindi Impenetrable National Park. Ni msitu wa milima mikali uliofungamana kwa mimea, na humo wanaishi karibu nusu ya sokwe wa milimani waliobaki duniani. Umeitwa impenetrable kwa sababu kupita ndani yake ni taabu. Hauwezi kuitwa impregnable kwa sababu hakuna jeshi linaloushikilia wala linalotaka kuuteka. Majani na mitambaa hayana amiri. Vivyo hivyo giza, ukungu, lugha ya mawakili na uso wa mtu asiyeonyesha hisia: vyote huwa impenetrable. Ukuta unaweza kuwa impenetrable huku mji ulio nyuma yake ukitekwa kwa mlango wa uani. Hapo mji haukuwa impregnable.

Invincible nayo inamhusu anayepigana, si mahali anapojilinda. Soka ya Uingereza ilitoa mifano miwili mfululizo iliyonyooka kuliko kamusi yoyote. Msimu wa 2003/04 Arsenal walicheza mechi 38 za ligi wakashinda 26, wakatoka sare 12, wasipoteze hata moja. Wakaitwa Invincibles, na jina liliwafaa. Lakini walifungwa mabao 26, kwa hiyo lango lao lilipitika. Msimu uliofuata Chelsea walifungwa mabao 15 tu katika mechi 38, rekodi ambayo haijavunjwa katika Ligi Kuu ya huko, ila walipoteza mechi moja, 1-0 ugenini kwa Manchester City. Timu ya kwanza haikushindika na ilifungika. Ya pili ilikuwa na ulinzi wa kuitwa impregnable, au tuseme karibu na hapo, na bado ilishindika. Anayetumia maneno haya mawili kana kwamba ni pacha anaipoteza habari yote hiyo.

Katika ripoti za michezo, nomino inayofuata kivumishi ndiyo ya kuangalia. Impregnable hupenda defence, back line na fortress, hiyo ya mwisho ikiwa uwanja wa nyumbani ambako wageni hawaondoki na pointi. Morocco katika Kombe la Dunia la 2022 waliwapitia Croatia, Ubelgiji, Canada, Hispania na Ureno wakiwa wamefungwa bao moja tu, nalo walijifunga wenyewe dhidi ya Canada. Kuuita ulinzi huo impregnable kabla ya nusu fainali hakukuwa na chumvi. Baada ya Ufaransa kuwafunga mawili, neno lilibidi lihamie wakati uliopita: "a defence that had looked impregnable". Beki mmoja, hata awe kisiki namna gani, usimwite impregnable. Yeye ni solid au hard to beat. Ukimbandika mtu neno lile peke yake, hasa mwanamke, masikio ya Waingereza yatarudi kulekule kwenye mimba, na hutajua wanacheka nini.

Uongozi wa pointi una neno lake: unassailable lead. Hapo suala ni hesabu. Zikibaki mechi tatu, pointi zilizobaki mezani ni tisa. Anayeongoza kwa kumi hafikiki tena. Impregnable lead huonekana mara mojamoja na si kosa la kufukuzisha kazi, lakini mhariri mzuri atalibadilisha. Unassailable pia huenda na ushahidi, hoja na sifa ya mtu, vitu ambavyo mpinzani hapati hata pa kuanzia kuvishambulia. Watertight nalo ni la mikataba na ushahidi wa mtuhumiwa kwamba hakuwapo pahali pa kosa. Kwenye sataranji, impregnable ina kazi nyingi: mchezaji aliyezidiwa hupanga vipande vyake mahali ambapo mwenzake hawezi kupasua tena, na mpangilio huo kwa Kiingereza huitwa fortress. Mwaka 2000 jijini London, Vladimir Kramnik alimvua Garry Kasparov ubingwa wa dunia kwa pointi 8.5 kwa 6.5, na katika michezo yote 15 Kasparov hakushinda hata mmoja. Silaha kubwa ya Kramnik alipocheza na vipande vyeusi ilikuwa ufunguzi wa Berlin, ambao tangu hapo watu huuita Ukuta wa Berlin.

Makao ya asili ya neno hili, hata hivyo, ni mawe na mizinga, na kwa msomaji wa pwani hakuna mahali pa kulijaribu kuliko Fort Jesus ya Mombasa. Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596 kwa ramani ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati. Ukiitazama kutoka juu unaona kwa nini ilihesabika kuwa haitekeki. Ina buruji nne, yaani sehemu za ukuta zinazochomoza nje kwenye kona, na pembe zake zimepangwa ili mizinga ya buruji moja ifagie mbele ya ukuta wa jirani yake. Anayefika chini ya ukuta hapati kivuli cha kujificha. Kuta nene zimesimama juu ya jabali la matumbawe, upande wa nchi kavu kukachimbwa handaki, na upande mwingine ni bahari, njia ya msaada kutoka Goa, makao makuu ya Wareno huko India. Kwa silaha za wakati ule, kuibomoa kutoka nje ilikuwa kazi isiyo na mwisho.

Ikatekwa, tena zaidi ya mara moja. Mwaka 1631 Sultani Yusuf bin Hassan, ambaye Wareno walikuwa wamemlea na kumbatiza kwa jina la Dom Jerónimo Chingulia, aliingia ndani na watu wake, akamuua kapteni, ngome ikawa yake. Hakuna ukuta uliobomolewa. Machi 1696 Waomani wakaizingira. Mzingiro ulidumu hadi Desemba 1698, miezi 33, na kilichowamaliza waliokuwamo, Wareno na wenyeji waliokimbilia humo, zaidi ya risasi kilikuwa maradhi na njaa. Meli ya msaada Santo António de Taná ilizama mbele ya ngome mwaka 1697. Waomani walipopanda ukuta mwishoni, waliobaki ndani walikuwa wachache wa kuhesabika. Wareno walirudi 1728 baada ya askari wa ngomeni kuasi, na mwaka uliofuata wakatoka tena kwa kuzingirwa na kukosa chakula.

Hapa mizizi ya neno inalipa. Prendre haisemi kubomoa, inasema kutwaa. Ngome yenye ukuta mzima kabisa inaweza kutwaliwa kwa hila, kwa njaa, kwa kipindupindu, kwa uasi wa walinzi wake, au kwa sababu kisima kimekauka. Kwa hiyo mwandishi makini hasemi "impregnable walls" akiwa na maana ya kuta nene tu. Kuta nene ni thick au massive. Impregnable ni hukumu juu ya mahali pote pamoja na watu wake, maji yake, akiba yake na njia yake ya msaada. Ndiyo maana ni sifa nzito, na ndiyo maana historia imeivua kwa wengi.

Singapore ndiyo kesi maarufu ya karne ya 20. Waingereza walijenga huko kituo kikubwa cha manowari, wakaweka mizinga mikubwa ya pwani, mitano kati yake ikiwa ya inchi 15, na magazeti yakaitangaza kuwa impregnable. Husimuliwa kwamba mizinga ilielekea baharini tu na haikuweza kugeuka. Si kweli kwa mingi yake: iligeuka na kufyatua kuelekea bara, ila akiba yake kubwa ilikuwa makombora ya kutoboa chuma cha meli, ambayo hayana faida kubwa dhidi ya askari waliotawanyika shambani. Wajapani walishuka Kota Bharu, kaskazini mwa Malaya, tarehe 8 Desemba 1941, wakateremka na rasi nzima, wakavuka mlango wa Johor usiku wa 8 Februari 1942, na tarehe 15 Jenerali Percival, kamanda wa Waingereza, akasalimu amri akiwa na jeshi kubwa kuliko la waliomteka. Jiji lilikuwa linaishiwa maji. Ngome ya Ubelgiji ya Eben-Emael nayo, yenye sifa hiyohiyo, ilinyamazishwa Mei 1940 na askari wasiofika mia waliotua juu ya paa lake kwa ndege zisizo na injini. Siku ya pili ikajisalimisha.

Kwa sababu ya visa kama hivi, Kiingereza kimezoea kuitanguliza impregnable na kielezi cha shaka: seemingly impregnable, supposedly impregnable, once thought impregnable. Kwenye mtihani wa ufahamu, kielezi hicho ni kidokezo cha bure. Ukisoma "the supposedly impregnable fort", aya hiyo itakueleza jinsi ilivyotekwa, mwandishi ameshakukonyeza. Ikija bila kielezi, huenda mahali hapo kweli palisimama, kama Gibraltar, ngome ya Waingereza kusini mwa Hispania, ambayo Wahispania na Wafaransa waliizingira kuanzia 1779 hadi 1783 wakaondoka mikono mitupu.

Katika kutunga sentensi, mambo machache huharibu. Impregnable ni neno la mwisho wa ngazi, kama kufa: mtu hafi sana. Very impregnable inakwaza; almost, virtually na practically zinakaa vizuri, kwa kuwa zinasema umebaki hatua moja kufika. Anayeshambulia huletwa na to au against: "impregnable to attack from the sea". Kitenzi chake hakipo. Mtu akitaka kusema "waliuimarisha mji" aandike they fortified the town, au they made the town impregnable. Akiandika they impregnated the town atakuwa ameandika jambo la kutisha. Nomino ni impregnability, na herufi ya kuangalia ni a ya able. Impregnible ni kosa la tahajia la kawaida, linatokana na kuizoea invincible. Nje ya vita neno linakubali vitu vinavyoshikiliwa: nafasi ya kampuni sokoni, jimbo la uchaguzi ambalo chama hakijawahi kulipoteza, utulivu wa mtu asiyetetereka kwa matusi. Impregnable calm ni Kiingereza kizuri, kwa sababu utulivu huo ndio unaolindwa, na mwenyewe ndiye anayeushikilia.

Limebaki la kutamka. Mazoea ya Kiswahili hutia mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, ndipo watu wanasema impreg-NA-bo. Kiingereza kinataka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwanzo: im-PREG-na-bl, na ile na inamezwa, haifunguliwi kinywa kizima. Kikwazo kingine ni g na n kukaa pamoja bila vokali kati yao, kitu ambacho ulimi wetu hukitibu kwa kuchomeka i: impreginabo. Tamka PREG, bakisha ulimi wa nyuma umegusa juu, usiachie pumzi, kisha nenda moja kwa moja kwenye n. Anayeweza magnet, signal na ignore bila i anaweza na hii. Kwenye impregnability mkazo mkuu unahamia bil, im-preg-na-BIL-i-ty, na PREG inabaki na mkazo mdogo tu; ukiukazia wote wawili sawasawa, msikilizaji ataona ni maneno mawili.